Kinga inayong'oka kwanza

Chensoo, yaani msumeno wa mnyororo, iliyozeekea msituni utaijua kwa kuiangalia tu. Rangi imebabuka, kamba ya kuwashia ina mafundo mawili, mfuniko wa tangi umezibwa kwa nailoni. Hata hivyo injini inawaka, mnyororo unazunguka na mti unalala. Vilivyopotea ni vitu ambavyo mti hauna habari navyo: kigao cha plastiki mbele ya mkono wa kushoto, ambacho ndicho hufunga breki ya mnyororo, kile kidude cha juu ya mshikio kinachozuia triga isibonyezwe kwa bahati mbaya, pini ndogo ya kudaka mnyororo unapokatika, na mipira inayotenganisha mishikio na injini. Vyote viliwekwa kwa ajili ya mwili wa mkataji, na vyote vinaweza kuondoka bila hesabu ya mbao za siku kupungua hata moja.

Kwenye semina za usalama kazini, jibu la jambo hili hujulikana kabla swali halijaulizwa: opareta ni mzembe, apewe elimu. Sikatai kwamba elimu inasaidia. Ila nikiitazama historia ya mashine hizi naona kosa linaanzia mbali zaidi, kwenye meza ya mbunifu na kwenye karatasi ya mnunuzi. Kinga inayoweza kung'oka bila kazi kusimama itang'oka, hata ukiwaweka maopareta wote darasani mwaka mzima.

Tuanze na sifa, maana wabunifu wanazistahili. Mwaka 1926 Mjerumani Andreas Stihl alitengeneza msumeno wa mnyororo wa umeme wenye uzito wa kilo 48. Uliinuliwa na watu wawili, mmoja kila upande, na kazi yake ilikuwa kukatakata magogo. Mwaka 1950 kampuni yake ikatoa mashine ya petroli ya mtu mmoja yenye kilo 16, na mwaka 1959 ikaja nyingine ya kilo 12 iliyozungusha mnyororo bila gia. Huko Marekani, mwaka 1946, mkata miti wa Oregon aitwaye Joseph Cox alimtazama funza wa mbawakavu anavyotafuna kisiki kwa taya zake, mara kushoto mara kulia, akaenda kutengeneza mnyororo wenye meno ya mtindo huo. Meno ya ukoo huo ndiyo yaliyo kwenye karibu kila mnyororo unaouzwa leo. Mnyororo unaokata kwa wepesi hauhitaji injini kubwa, na injini ndogo ni nafuu ya mgongo. Sidhani kama Cox aliwahi kuiita kazi yake ergonomia, lakini ndiyo yenyewe: kukilinganisha kifaa na mwili, badala ya mwili kulazimishwa kukizoea kifaa.

Uzito ulipopungua, mateso yalihama kutoka mgongoni kwenda vidoleni. Chuma kizito hutikisika kidogo. Chuma chepesi kikipigwa na nguvu ileile hutikisika sana. Injini inayozunguka mara 9,000 kwa dakika hupiga mara 150 kila sekunde, na kama mishikio imefungwa moja kwa moja kwenye mwili wa injini, mapigo hayo yote yanamalizikia kwenye mishipa midogo ya damu na neva za vidole. Mashine ya watu wawili ilikuwa nzito kiasi cha kumeza sehemu kubwa ya mtikisiko wake yenyewe. Ya mtu mmoja haikuweza.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa umeshajulikana. Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton alikwenda Bedford, Indiana, kuwachunguza wachongaji wa mawe ya chokaa waliotumia nyundo za upepo. Aliwakuta na vidole vilivyokufa ganzi na kugeuka vyeupe asubuhi za baridi, zaidi kwenye mkono wa kushoto ulioshika patasi. Chensoo ilipoenea, wakata miti wa Ulaya na Japan wakaanza kuonyesha vidole vya namna hiyohiyo. Katika misitu ya serikali ya Japan mambo yalifika hatua ya opareta kuwekewa kikomo cha saa 2 kwa siku. Katikati ya miaka ya 1960 viwanda vikaja na dawa ambayo ukiielezwa unajiuliza kwa nini ilichelewa: unganisha mshikio wa mbele na wa nyuma ziwe fremu moja, kisha iegemeze fremu hiyo kwenye mipira au springi ili chuma cha injini kisiguse chuma cha mshikio popote.

Matokeo yake yamepimwa. Huko Suomussalmi, kaskazini mashariki mwa Finland, watafiti waliwafuatilia wafanyakazi wa misitu kuanzia mwaka 1972 hadi 1990. Mwanzoni watu 40 katika kila 100 walikuwa na vidole vyeupe. Mwishoni walibaki 5. Katika kipindi hicho mtetemo wa chensoo walizotumia ulishuka kutoka mita 14 kwa sekunde mraba, kipimo cha ukali wa mtikisiko, hadi 2. Saa za kushika mashine nazo zilipungua, kwa hiyo si mipira peke yake iliyofanya kazi, lakini ni nadra kuona ubunifu wa mshikio ukiacha alama iliyo wazi kiasi hicho kwenye afya ya wafanyakazi wa eneo zima.

Hesabu ya mtetemo inafaa kueleweka kwa sababu ndiyo inayoonyesha mpira una thamani gani. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2002 inaweka ukomo wa mita 5 kwa sekunde mraba kwa siku ya kazi ya saa 8, na inamtaka mwajiri aanze kuchukua hatua mapema, kwenye 2.5. Kadiri mtetemo unavyopanda, muda unaoruhusiwa unashuka kwa kasi zaidi: mtetemo ukiongezeka mara mbili, muda unabaki robo. Mashine ya mita 5 inamruhusu mtu saa 8 kabla ya kugonga ukomo. Ya mita 10 inampa saa 2. Zile za zamani za mita 14 zilimpa saa moja hivi, yaani chai ya saa nne haijafika na mkono umeshamaliza fungu lake la siku.

Sasa turudi kwenye mpira. Unaishi karibu na moto wa injini, unarushiwa petroli na oili, unaachwa juani. Baada ya muda unakauka, unapasuka, fremu inashuka na kuanza kugusa mwili wa mashine. Mtetemo unarudi pale ulipokuwa kabla ya dawa kugunduliwa, na hakuna kinachopiga kelele kutangaza. Plagi ikifa, mashine haiwaki, na tajiri atamtuma mtu mjini siku hiyohiyo. Mnyororo ukiisha meno, mbao hazitoki, na mnyororo mpya utapatikana. Mpira ukipasuka, anayejua ni mkono wa opareta peke yake, nao hauulizwi wakati wa kupanga bajeti ya vipuri. Duka lenye plagi za aina kumi linaweza kukosa mpira mmoja wa mshikio kwa sababu hakuna aliyewahi kuuulizia.

Hapa kwetu Tanzania kuna jambo jingine linaloficha tatizo. Weupe wa vidole huchochewa na baridi. Finland baridi ipo tele, kwa hiyo ugonjwa unaonekana kwa macho. Katika nchi za joto, mtu anaweza kuharibika neva za vidole pasipo kuuona weupe huo hata mara moja. Anachopata ni ganzi, kuchomachoma kama sindano usiku, na vidole kushindwa kufunga kifungo cha shati. Akienda zahanati ataambiwa ni uchovu, au atapewa vitamini. Ukimwuliza kama vidole vyake hugeuka vyeupe, kama fomu za Ulaya zinavyouliza, atajibu hapana, na ataandikwa mzima. Labda maeneo ya Mufindi, ambako asubuhi za Juni na Julai zina baridi ya kweli na mashamba ya miti ya Sao Hill yamejaa wakataji, ndiko weupe huo ungetafutwa kwanza. Sehemu nyingine daktari angepaswa kuuliza swali tofauti kabisa: je, ukishika sarafu mfukoni bila kuangalia, unaijua ni ya shilingi ngapi?

Kuna pia suala la kazi ambayo mashine iliandaliwa kuifanya. Chensoo ilibuniwa kuangusha mti na kukata gogo kwa kupitisha upana wake. Kwetu, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Afrika, inapasua mbao: gogo limelazwa, mzee wa kazi amepiga mstari kwa kamba iliyochovywa oili chafu, opareta ameinama juu yake na kuivuta mashine kurudi nyuma futi kwa futi, triga ikiwa imebonyezwa mpaka mwisho. Kukata kuufuata unyuzi wa mti ni kazi nzito zaidi kuliko kuukata kwa kuuvuka, na haina mapumziko. Anayeangusha miti huwasha, hukata, hutembea, hutazama juu, hujadiliana na mwenzake. Anayepasua mbao yuko kwenye moto mkubwa karibu muda wote.

Zingatia basi namna ile namba ya mtetemo kwenye kijitabu inavyopatikana. Kipimo cha kimataifa cha chensoo za kawaida huchanganya hali tatu kwa mafungu sawa: injini ikiwa inapumua tu, ikiwa inakata kwa nguvu zote, na ikiwa inazunguka kwa kasi bila kukata. Theluthi moja ya namba hiyo, kwa hiyo, ni mashine iliyokaa kimya kiasi. Hiyo theluthi mpasua mbao haioni. Namba ni ya kweli kwa mtu wa Bavaria, Ujerumani, anayetembea kutoka mti hadi mti. Kwa aliyeinama juu ya gogo tangu asubuhi ni ndogo kuliko anachokipata. Na kuna la kuudhi zaidi: mashine kubwa za muundo wa kale, zenye injini inayozidi sentimita za ujazo 100 na mishikio isiyo na mpira wa maana, ziliendelea kuuzwa katika masoko ya nchi za joto muda mrefu baada ya wakata miti wa Ulaya kuziacha. Sababu inayotolewa ni kwamba ni ngumu, zinavumilia. Ni kweli zinavumilia. Anayezishika ndiye ambaye hajaulizwa kama anavumilia.

Kelele nitaipita haraka kwa kuwa habari yake ni fupi na mbaya. Ukianza na ukomo wa desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikakata muda katikati, desibeli 100 zinakupa dakika 15. Chensoo inayokata hupita hapo sikioni mwa opareta. Pamba ya kuziba masikio haitoshi.

Kinachopuuzwa zaidi katika mazungumzo yote haya ni tupa. Mnyororo butu humlazimisha mtu asukume, na anayesukuma hubana mshikio. Kadiri anavyobana ndivyo mtetemo unavyopenya mkononi. Mnyororo ulionolewa bila mpango, jino moja refu na jingine fupi, hugonga na kuivuta mashine upande. Na anayekwangua kile kidevu kilicho mbele ya jino, kinachopima jino lizame kiasi gani, ili mnyororo ule zaidi, anajitafutia mashine inayoruka kumrudia usoni ncha ya juu inapogusa mti. Ningepewa fedha ya kununua kitu kimoja kwa kila opareta wa wilaya, ningeacha glovu zinazotangazwa kuzuia mtetemo, ambazo kwa mashine nyingi husaidia kidogo sana, ninunue tupa za duara za saizi sahihi pamoja na geji yake.

Jambo hili halikomei msituni. Pita Gerezani, Dar es Salaam, au kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, uangalie grainda. Ndogo ya inchi 4 na nusu huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika, na diski yake imeandikwa isizidi mita 80 kwa sekunde ukingoni. Fundi anayetaka kukata bomba nene hutoa kava, kwa sababu kava halipitishi diski kubwa, kisha hufunga ya inchi 7. Diski hiyo ilikusudiwa mzunguko wa 8,500. Kwa mzunguko wa 11,000 ukingo wake unafika mita 104 kwa sekunde, na nguvu inayotaka kuipasua imepita mara moja na nusu ya ile iliyokadiriwa. Anashika kwa mkono mmoja kwa sababu mshikio wa pembeni ulipotea siku ya pili. Swichi ni ile ya kusukuma na kujifunga, hivyo grainda ikimponyoka itaendelea kuzunguka sakafuni.

Unaweza kumwita mjinga. Mimi naona mtu aliyefanya hesabu yake: grainda kubwa ni ghali na nzito, kazi ya kukata bomba inakuja mara chache kwa wiki, na hakuna kitu ndani ya mashine ndogo kilichomkatalia. Kava lilifungwa kwa skrubu moja. Mbunifu aliyetaka diski kubwa isiingie angeweza kulifanya kava kuwa sehemu ya kichwa chenyewe, ukilitoa hakuna pa kufunga diski. Zipo grainda zenye swichi ya kukandamiza, mkono ukiachia tu injini inakata, na zipo zinazojizima diski ikinasa ghafla. Ziko madukani. Bei yake iko juu, na kwenye kaunta hakuna anayemweleza mnunuzi tofauti.

Mfano mzuri wa kinga isiyong'oka umo ndani ya chensoo yenyewe, na ni wa zamani. Ukiachia triga, injini inabaki inawaka lakini mnyororo unasimama. Anayefanya kazi hiyo ni klachi, yenye viatu vinavyotanuka injini inapokimbia na kurudi ndani inapopunguza. Sijawahi kuona opareta aliyeitoa klachi ili kazi iende haraka, na wala haiwezekani, maana bila klachi nguvu ya injini haiufikii mnyororo. Usalama na ukataji vimewekwa kwenye chuma kimoja. Linganisha na breki ya mnyororo, iliyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1970: uvumbuzi mkubwa, umeokoa nyuso nyingi, ila mkono wake ni plastiki iliyo mbele kabisa, mahali pa kwanza kugonga tawi, na ikivunjika mashine hukata kama jana. Ingekuwa vigumu kiasi gani kuiunda ili kigao kikikosekana breki ibaki imefunga? Wahandisi wanaweza kunijibu kwamba mashine ya namna hiyo ingelaaniwa kila siku msituni. Nakubali ingelaaniwa. Plagi nayo hulaaniwa, na hununuliwa.

Wapo watakaosema betri imekuja kumaliza mjadala. Chensoo za betri hutetema kidogo kuliko za petroli, hazina moshi, hazipumui bure. Kwa bustani za mjini na kwa kupunguza matawi chini ya nyaya za umeme ningezichagua leo hii. Kwa mpasua mbao aliye kilomita nyingi kutoka kwenye soketi ya kwanza, anayehitaji nguvu kubwa saa nzima bila kukatika, bado si jibu. Na malipo kwa mbao hayabadiliki kwa kubadili injini. Mashine ni ya tajiri, mkono ni wa opareta, na hesabu ya jioni huangalia idadi ya mbao. Katika mpangilio huo kila dakika ya kubadilisha mpira inatoka mfukoni mwa asiyemiliki mashine.

Ndiyo maana namwangalia zaidi mnunuzi mkubwa. Wakala wa misitu, halmashauri, shamba la miti, shirika la umeme linalosafisha njia za nyaya: hawa hununua mashine nyingi kwa mpigo na wana nguvu ya kuandika masharti. Mara nyingi zabuni hutaja ukubwa wa injini, urefu wa chuma cha mnyororo na bei. Iongezwe namba ya mtetemo kwa kila mshikio, maana kwa sheria za Ulaya mtengenezaji analazimika kuiandika kwenye kijitabu kama inazidi 2.5, na muuzaji asiyeweza kuionyesha atakuwa ameshajieleza mwenyewe, hasa katika soko lenye mashine bandia zinazovaa rangi za kampuni kubwa. Yaongezwe matengenezo: seti ya mipira na vigao vya mbele vije ndani ya bei, na mashine yenye fremu inayogusa injini ihesabiwe mbovu, irudi karakana kama ile isiyowaka. Mpira unaweza kukaguliwa kwa kuzima mashine, kushika mishikio yote miwili na kuisukuma huku na huku. Mishikio ikicheza sana au chuma kikigonga chuma, mipira imekwisha.

Upande wa fidia, orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani, iliyorekebishwa mwaka 2010, inayataja magonjwa yatokanayo na mtetemo, ya mishipa ya damu na ya neva pia. Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi na ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tangu mwaka 2003. Lakini opareta anayelipwa kwa mbao, bila mkataba, akihama kutoka tajiri mmoja hadi mwingine kila msimu, atamwonyesha nani ganzi yake, na atathibitishaje ni mashine ya nani iliyoileta? Mfuko ungeweza kuanza na wale walioajiriwa rasmi kwenye mashamba makubwa: kupimwa vidole mwaka wa kwanza wa ajira, kisha kila mwaka, kwa maswali ya ganzi badala ya maswali ya weupe. Hao wana majina kwenye daftari la mishahara, na mashine zao zina namba.